Glasi Haikulowa

Nchi yenyewe haina haja ya jina. Aliyewahi kupanga foleni humo ataitambua kwa miguu yake. Ni nchi kavu, ya mawe mekundu na miiba. Mvua hunyesha miezi mitatu kwa mwaka, ikijisikia, na miezi tisa iliyobaki watu hutazama juu kama waliosahau kitu chao mbinguni. Serikali yake ilikuwa na huruma kupita kiasi. Ilimhurumia mwananchi hata ikaona vibaya abebe pesa yake mwenyewe, maana pesa ni nzito na mwananchi amekonda.

Mambo yalianza mwaka aliokuja Mtaalamu. Alikuwa mtu mrefu, shingo nyekundu, viatu vya wazi, ametumwa na wafadhili kuwafundisha maskini namna ya kukaa na pesa. Hakuwa mtu mbaya. Alizungumza Kiingereza cha taratibu, na kila alipotua, Mheshimiwa Lutumo, Waziri wa Akiba, alisimama kutafsiri. Kazi hiyo ilikuwa yake kwa haki, kwani aliwahi kukaa Ulaya miezi tisa na akarudi na koti la sufi ambalo hakulivua tena, hata kwa jua lile la kukaangia karanga.

Ndahani alikuwepo uwanjani siku ya kwanza. Alikuwa mkulima wa karanga, shule aliiacha darasa la tatu, katikati ya hesabu za kugawanya, na toka hapo kila aliyemgawia kitu alimwachia baki. Pembeni yake alikaa mkewe, Zamoyoni, kajifunga kanga iliyoandikwa NUNA USINUNE NIPO, anabangua karanga mapajani. Zamoyoni hakujua kukaa mikono mitupu, hata mbele ya Waziri.

Mtaalamu akatoa neno lake la kwanza. Mheshimiwa akasimama, akalipaza:

"Pesa haioti kwenye miti!"

Watu wakatazamana.

"Jamani," akasema Zamoyoni, na sauti yake haikuwa ya kunong'ona, "mbona ya kwetu inaota? Bati la nyumba yangu nimelichuma mkwajuni."

Kicheko kikapasuka, kwa sababu ni kweli. Nusu ya watu wale walikuwa wameoa, wamezika na wamesomesha kwa ukwaju. Mheshimiwa hakucheka. Jambo hili lilitaka uchunguzi. Ikaundwa Tume ya Kukagua Miti, wajumbe kumi na mmoja, wakazunguka nchi nzima mti kwa mti, miezi kumi na minne, wakilipwa posho ya kivuli kwa kila mti waliokaa chini yake. Wakaleta ripoti nene: hakuna pesa iliyoonekana katika mti wowote. Posho zenyewe zilitoka kwenye ushuru wa ukwaju, lakini hilo halikuwa katika hadidu za rejea.

Mwaka wa pili Mtaalamu akatoa neno jingine, na Mheshimiwa akalitafsiri vizuri kabisa: muda ni pesa. Hapo watu walifurahi. Kama muda ni pesa, wao walikuwa matajiri tangu kuzaliwa, maana kitu walichokuwa nacho tele ni muda. "Nilikwambia uniheshimu," Ndahani akamwambia mkewe. "Nimekaa foleni siku tatu kungoja kadi ya mbegu. Unajua hizo ni shilingi ngapi?" Wizara nayo ikalielewa kwa namna yake. Ikaona kwamba mtu anayeweza kusubiri ana mali aliyoificha. Tangu hapo aliyekaa foleni zaidi ya saa moja alitozwa kodi ya muda, na aliyefikisha saa nne alikaripiwa kwamba anajionyesha.

Huko kwa Mtaalamu maneno yale labda yalikuwa na maana nyingine. Hakuna aliyeuliza. Fomu ya kuuliza swali ilikuwa inalipiwa. Na Mtaalamu naye hakuuliza wameelewa nini, kwa kuwa alisikia makofi.

*

Neno la tatu ndilo lililomuua Zamoyoni, ingawa siku lilipotolewa yeye ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza.

"Wekeni akiba," Mheshimiwa akatafsiri, jasho likimtiririka ndani ya sufi, "kwa ajili ya siku ya mvua!"

Uwanja mzima ukasimama. Kwa mara ya kwanza Serikali ilikuwa imesema jambo ambalo mtu mwenye akili angelisema! Siku ya mvua ndiyo siku hasa ya kutaka pesa. Unataka mbegu, unataka jembe, unataka kukodi ng'ombe wa kulimia kabla jirani hajawahi. Arusi zote zilizolala huamka siku hiyo. Katika nchi ile mvua ya kwanza ikianguka, hakuna anayekimbilia ndani. Watu hutoka, husimama mlangoni, hunyeshewa mpaka vidole vinakunjamana. Na nguo iliyolowa mvua ya kwanza haikamuliwi. Hutundikwa hivyo hivyo na kuachwa ikauke kwa hiari yake, kwa sababu kuikamua ni kumfukuza mgeni aliyekuja kwa miguu.

Basi wanawake wakapiga vigelegele, wazee wakarusha kofia. Jukwaani Mtaalamu alifungua daftari lake akaandika kwamba hajawahi kuona watu wanaoipokea siku mbaya kwa ujasiri namna ile.

Ukaanzishwa Mfuko wa Siku ya Mvua. Katika kila magunia matatu ya karanga, bei ya moja ilibaki mfukoni humo, mkulima akapewa kadi ya bluu yenye picha ya wingu. Mfuko ungefunguliwa siku ya mvua, na siku ya mvua ni ile itakayothibitishwa na glasi ya Serikali. Glasi ilitoka ng'ambo, nyembamba, ndefu, ina mistari. Maji yakifika mstari wa kumi, ni mvua.

Kwa kuwa ilikuwa ya thamani, na wezi ni wengi, iliwekwa ndani ya ofisi ya Wizara, ndani ya kabati, ndani ya kufuli. Karani wa Mvua alikuwa mama mmoja mnyoofu anayeitwa Bi Skolastika. Kila siku saa tatu asubuhi alifungua kabati, akainama, akaitazama glasi, akafunga, akaandika kitabuni: Hakuna.

Ilipita miaka minne. Katika miaka hiyo mvua ilibeba madaraja mawili na mbuzi wasio na idadi, na gari la Mheshimiwa mwenyewe likanasa kwenye tope hadi likasukumwa na wenye kadi za bluu. Kitabu kilisema Hakuna. Waliolalamika waliulizwa kwa upole: "Mnataka kusema glasi ya Serikali ni mwongo?"

*

Mwaka wa tano wa Mfuko, katikati ya kiangazi, Zamoyoni akaanza kuvimba tumbo. Hospitali ya wilaya ikasema ni la kupasua, na kwamba kisu hakitatoka kwenye sanduku kabla pesa haijaingia kwenye droo. Ndahani akachukua kadi yake ya bluu, akaenda kwa Bi Skolastika.

"Baba, toka nje kidogo," akasema Bi Skolastika. "Tazama juu. Unaona nini?"

"Jua."

"Sasa hapo mimi nifanyeje?"

"Mke wangu anakufa, mama. Pesa ni yangu."

"Ni yako, nani kakataa? Ni yako siku ya mvua." Akashusha sauti, maana hakuwa na roho mbaya, alikuwa na ajira tu. "Kaombe mvua, baba. Wengine wanaomba."

Akarudi. Akauza mbuzi, haikufika. Akauza kitanda, wakalala chini, haikufika.

Tarehe kumi na moja ya mwezi ule ambao mvua haina ruhusa ya kunyesha, Ndahani alikuwa amekaa anampepea mkewe kwa ungo. Zamoyoni hakuwa ameinuka kwa siku sita. Kitu kikagonga bati. Kikagonga tena.

"Ndahani, unasikia?"

"Ni matawi."

"Matawi ya wapi na wewe, tuna mti gani juu ya nyumba? Niinue."

Akamwinua, mwepesi kama ungo wenyewe. Zamoyoni akajifunga kanga yake, akashika ukuta mpaka kizingitini, halafu akaachia ukuta, akatoka. Mvua ilikuwa inashuka kama inayomwagwa kwa hasira. Akasimama ndani yake, mikono wazi, anacheka kwa sauti ile aliyokuwa nayo zamani kabla hawajaanza kumhurumia.

"Sasa unanitolea macho ya nini, baba wee? Siku ya mvua si hii? Kimbia! Kimbia kabla haijakata! Wakikwambia hakuna, waonyeshe shati lako!"

"Nikuache na nani?"

"Niache na mvua. Kimbia!"

Ni mwendo wa saa mbili. Siku ile aliumaliza kwa saa moja, na mvua ilikimbia naye bega kwa bega njia nzima, haikumwacha hata hatua. Alipoingia ofisini maji yalimtoka mpaka kwenye masikio.

"Simama huko huko!" akapayuka Bi Skolastika. "Unalowesha sakafu ya Serikali!"

"Mama, mvua! Andika!"

"Saa tatu ishapita! Nimeshaandika!"

"Umeandika nini?"

"Hakuna!"

Walikuwa wanapiga kelele wote wawili, kwa sababu bati la ofisi lilikuwa linanguruma na bila kupayuka mtu hamsikii mwenzake.

"Husikii, mama?"

"Nasikia! Lakini mimi sikuajiriwa kusikia! Nimeajiriwa kusoma glasi!"

Hata hivyo akamwonea huruma. Akafungua kufuli, akamwonyesha. Chini kabisa ya glasi alilala sisimizi mmoja, mkavu.

"Unaona mwenyewe," akasema. "Wewe umelowa. Glasi haikulowa. Serikali haipimi mtu, baba, inapima glasi."

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limerudi, na ardhi ya nchi ile hunywa haraka, hata huwezi kuapa kwamba ilipewa. Zamoyoni alikuwa amelala kizingitini, miguu nje, kichwa ndani, kanga imemganda mwilini. Uso ulikuwa umeelekea njia ya ofisini.

Ofisa wa kata akaja kuandika cheti. Chini ya jina la marehemu palikuwa na mstari wa hali ya hewa, maana nchi ile haikuacha jambo bila mstari. Akafungua nakala ya kitabu cha Bi Skolastika, akaona Hakuna, akaandika: Jua.

*

Kuanzia siku hiyo Ndahani hakutaka tena pesa. Pesa ya kumpasulia nani? Alitaka neno moja tu libadilishwe kitabuni. Kama tarehe kumi na moja mvua ilinyesha, basi alimwacha mkewe kwa sababu. Lakini kama haikunyesha, kama kitabu kinavyosema, basi yeye ndiye mwanamume aliyemwacha mkewe afe peke yake kizingitini akakimbilia jua.

Kanga ya Zamoyoni waoshaji waliitundika uani, haikukamuliwa, kama desturi inavyotaka. Kesho yake ilikuwa inadondoka. Baada ya matanga ilikuwa inadondoka. Arobaini ikafika, jua linapasua mawe, na kanga inadondoka, tone, kimya, tone, na chini yake pameota majani mabichi kama ulimi.

Na kila Ndahani alipotoka na kurudi, akivuka kizingiti tu, sauti ilimuuliza kutoka chini, pale pale mlangoni:

"Umefika? Wameandika?"

Mara ya kwanza alikimbilia kwa Bi Tunu, jirani, akakaa huko siku mbili. Mara ya pili alisimama, akajibu: "Bado." Sauti ikanyamaza, kama mtu aliyeridhika kungoja. Baadaye akazoea. Baadaye zaidi, akiwa amenyong'onyea, alitoka nje makusudi ili arudi aulizwe.

"Shemeji, usinielewe vibaya," Bi Tunu akasema siku moja, kaja na ndoo. "Marehemu alikuwa mkarimu, mwache aendelee." Akaitega ndoo chini ya kanga. Kufika jioni ilijaa. Maji yalikuwa matamu, yana harufu ile ya vumbi lililopata mvua.

Habari zikafika Mamlaka ya Maji. Akaja kijana wa suti na ankara.

"Una chanzo cha maji kisichosajiliwa."

"Hiyo ni kanga."

"Izime."

"Siwezi. Ni ya marehemu."

"Basi marehemu aje ofisini," kijana akaandika, "na kitambulisho."

*

Mwezi wa saba toka msiba, Ndahani aliamka, akaiteremsha kanga, akaitupa begani, akaondoka. Nyuma yake ilichora mstari wa matone kutoka uani kwake hadi mlango wa Wizara.

Siku hiyo kulikuwa na hafla ya kumuaga Mtaalamu. Soda zimepangwa, Mheshimiwa kasimama na koti lake, Bi Skolastika kakaa mwisho wa meza na kitabu chake. Ndahani akaingia, akaweka kanga mezani. Maji yakaanza kutembea kuelekea kwenye keki.

"Naomba mwandike," akasema. "Tarehe kumi na moja mvua ilinyesha. Ushahidi huu hapa. Haujakauka."

Mheshimiwa hakukasirika. Kukasirika mbele ya mfadhili ni gharama. "Ndugu mwananchi," akasema, "Serikali yako ni sikivu, na zaidi ya kuwa sikivu, ni yenye macho. Lakini maji ni mengi. Haya ni ya bomba au ya mbinguni?"

"Ya Zamoyoni."

"Kamua, tuone."

"Ya mvua ya kwanza haikamuliwi, Mheshimiwa. Hata mama yako hakukamua."

Mheshimiwa akafunga kifungo cha koti, kwa sababu ni kweli. Akaagiza glasi iletwe. Kabati likafunguliwa, sisimizi akatolewa kwa heshima zote. Ndahani akaining'iniza kanga kwenye mgongo wa kiti, akaishika glasi kwa mkono wake mwenyewe chini ya pindo ili isiyumbe. Basi ikawa kazi ya kungoja. Tone. Soda zikapoteza gesi. Tone. Waziri mzima na koti lake walikaa saa mbili na nusu wakitazama pindo la kanga ya mwanamke, na hakuna aliyethubutu kuwatoza kodi ya muda.

"Mheshimiwa," akasema Bi Skolastika, "imefika mstari wa kumi."

Mtaalamu akauliza kuna nini. Miaka yote ile ilikuwa imempa Kiswahili chake kidogo, cha kuombea chai na kusalimia, na Ndahani akamsimulia polepole, kama anavyosimuliwa mtoto: glasi, kabati, tumbo la Zamoyoni, kadi ya bluu. Shingo ya Mtaalamu ikaacha wekundu.

"Lakini," akasema, "siku ya mvua... kwetu, siyo mvua. Kwetu mvua ni huzuni. Mtu anakaa ndani. Siku ya mvua ni siku mbaya. Ni ugonjwa. Ni msiba." Akatafuta maneno mengine, hakuyapata. "Ni siku kama ile ya mke wako. Pesa ile ilikuwa ya siku ile. Ya jua lile."

Tone likaanguka.

"Kumbe ulijua," akasema Ndahani.

"Nilidhani wote mnajua. Mlipiga vigelegele."

"Tuliipigia mvua."

Mtaalamu akakaa chini. Ndahani akamgeukia Waziri.

"Na wewe ulikaa kwao miezi tisa. Ulijua?"

"Nilijua," akasema Mheshimiwa bila aibu hata kidogo. "Lakini mlikuwa mnashangilia. Kiongozi hawezi kuwasahihisha wananchi wakiwa katikati ya kushangilia. Ni kinyume cha demokrasia."

Halafu, watu wakiwa bado wanamtazama, Mheshimiwa akaitazama glasi, na uso wake ukaanza kung'aa, kama mtu aliyeonyeshwa njia ya mkato.

"Iandikwe!" akasema. "Mwananchi ana haki! Bi Skolastika, andika tangazo, nakusomea."

Ndahani akasogea karibu. Alisikia kalamu, alisikia "tarehe kumi na moja," alisikia "mvua ilinyesha," na machozi yakamlengalenga. Bi Skolastika akamsogezea karatasi na kidau cha wino. "Weka dole hapa, baba, shahidi ni wewe." Lakini hakuiachia karatasi. Akaishikilia upande wake, akanong'ona:

"Unajua inasemaje?"

"Inasema mvua ilinyesha."

"Inasema siku ya mvua ilikuwa ile. Ikaja, ikapita. Waliofika siku hiyo na kadi zao watalipwa. Wasiofika wameisamehe Serikali, na Mfuko umefungwa."

"Waliofika ni wangapi?"

"Mmoja, baba. Ni wewe."

Akilini Ndahani akamwona Bi Tunu na kadi yake aliyoishonea mfuko wa kitambaa. Akawaona wale wa uwanjani, kofia zikiruka. Zamoyoni hakumtuma akalete pesa ya nyumba moja. Angekuwepo yeye hapa, angeshasema kitu kwa ile sauti isiyojua kunong'ona.

"Siweki," akasema.

"Lakini utakuwa umeandikiwa mvua yako!" Mheshimiwa akashangaa kweli. "Si ndilo ulilolijia?"

"Ndilo. Nimekaa na 'bado' miezi saba, Mheshimiwa. Imenizoea. Nitarudi nayo nyumbani."

Akaichukua kanga, akaitupa begani, ubaridi ukamshika hadi mgongoni. Anatoka, akasikia Mheshimiwa akiagiza kwa sauti ya upole sana: "Glasi hiyo isipanguswe. Iviringisheni kwenye kitambaa." Ndahani akadhani wanayaheshimu maji ya Zamoyoni. Kidogo akawasamehe.

*

Alirudi polepole. Kwa mara ya kwanza toka msiba alitembea kichwa juu, anapanga atakavyomsimulia Zamoyoni. Atamwambia: nimekataa. Atamwambia: ungemwona Waziri anavyotazama pindo lako. Halafu mkewe atauliza, kama kawaida, wameandika? Naye atajibu bado, na safari hii neno lenyewe litakuwa tamu.

Penye daraja lile lililobebwa na mvua ambayo haikuwahi kunyesha, aliona bega lake halina baridi. Akagusa. Akaichukua kanga yote mikononi, akaipeleka shavuni. Ilikuwa kavu. Ilikuwa kavu na ngumu, kama nguo iliyosahauliwa uani mchana kutwa. Akageuka nyuma kutazama njia. Mstari wa matone wa asubuhi ulikuwa umenywewa, hauonekani.

Akakimbia. Alikimbia kama siku ile, na safari hii hapakuwa na kitu cha kukimbia naye. Alipofika uani, Bi Tunu alikuwa amesimama na ndoo tupu, anamtazama bila kuuliza. Ndahani akavuka kizingiti, akasimama.

Hakuulizwa.

Akatoka, akarudi, akavuka tena. Akainama, akaweka sikio pale pale palipokuwa na kichwa cha Zamoyoni. Nyumba ilikuwa kimya, kimya cha nyumba ya mtu mmoja. Hapo ndipo alipojua kwamba wameandika.

Tangazo lilibandikwa kesho yake. Lilikuwa na mhuri, na wingu la bluu, na chini kulikuwa na dole la shahidi, limechukuliwa kitaalamu kutoka kwenye glasi aliyoishika mwenyewe. Lilimshukuru kwa jina kwa kuithibitishia nchi mvua yake. Pesa yake ililetwa hadi mlangoni ndani ya bahasha, imekatwa kodi ya muda wa miezi saba. Ipo hadi leo chini ya jiwe, haijafunguliwa. Bi Tunu alikuja kuchukua ndoo yake na hakusema shemeji. Wengine hupita mbali. Mheshimiwa alipandishwa, sasa anashughulikia mambo ya furaha ya wananchi, na Mtaalamu alipofika kwao aliandika barua ndefu ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, ambayo Wizara imeahidi kuitafsiri.

Kanga ipo uani, inapepea kama nguo nyingine yoyote, na maandishi yake yanasomeka vizuri kuliko zamani. Ukipita kwa Ndahani utamwona anatoka, anaingia. Anatoka, anaingia. Kila akivuka kizingiti husimama kidogo, kainamisha kichwa, anangoja. Halafu hujibu, kwa nguvu, ili jirani asikie na ofisini wasikie:

"Bado!"